Uzi Kabla ya Neno: Gitaa katika Twisti ya Equator Sound Band kwa Kigezo cha Enanga ya Kagera

Ikisiri

Uhakiki wa muziki wa dansi kwa lugha ya Kiswahili umejikita katika maneno ya nyimbo. Makala hii inahoji mazoea hayo kwa kuchunguza twisti ya Equator Sound Band ya Nairobi katika miaka ya 1960, muziki uliojengwa juu ya magitaa ya umeme kabla ya kujengwa juu ya beti. Kigezo kinachotumika kimetoka katika utendaji wa enanga wa Wahaya, sanaa inayojulikana Bukoba na Muleba, ambamo uzi na neno havitenganishwi. Muziki wa gitaa wa California wa kipindi hichohicho unatumika kama kioo, kwa kuwa mara nyingi haukuwa na maneno kabisa. Inadaiwa kwamba katika twisti gitaa ndilo lililobeba hoja, na kwamba udhaifu wa twisti pia unapaswa kutafutwa katika gitaa, si katika wepesi wa maneno yake.

Utangulizi

Anayefungua tasnifu ya Kiswahili kuhusu nyimbo za dansi hukutana na mpangilio anaoweza kuutabiri. Kwanza huja historia fupi ya bendi. Kisha maneno ya nyimbo hunukuliwa ubeti kwa ubeti, dhamira hutajwa, na mwishoni hujadiliwa tamathali za semi. Kazi za namna hiyo zimehifadhi matini nyingi ambazo zingepotea, na heshima yake haipaswi kupunguzwa. Hata hivyo, gitaa, ala iliyowafanya watu walipe kiingilio na kukesha ukumbini, halionekani popote. Likitajwa, hutajwa katika sentensi moja ya kusifu: kwamba mpigaji alikuwa hodari, au kwamba mapigo yalisisimua.

Chanzo cha hali hiyo kinaeleweka. Mhakiki wa Kiswahili amelelewa katika nadharia ya fani na maudhui, na nadharia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kitabu. Riwaya ina msuko na wahusika. Shairi lina mizani na vina. Uzi wa gitaa hauna kimojawapo. Kuna kinaya hapa kinachostahili kutazamwa kwa kituo. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliufanya uimbikaji kuwa sharti la ushairi, na mgogoro wote wa wanamapokeo na wanausasa uliofuata ulizunguka sharti hilo. Mapokeo yanayoitambulisha tungo kwa kuimbwa kwake yalitarajiwa yawe na msamiati mpana wa kueleza kinachotokea wimbo unapoimbwa na ala zinapouitikia. Msamiati huo haukukua. Mhakiki huhesabu mizani kumi na sita, kisha huishia hapo.

Athari ya ukimya huo si ndogo. Muziki ambao maneno yake ni mepesi huhukumiwa kuwa mwepesi, na muziki ambao maneno yake ni ya mzaha hauingii kabisa katika orodha ya kazi zinazostahili kuhakikiwa. Twisti ya Afrika Mashariki imekumbwa na hukumu zote mbili. Ya tatu, kwamba ilikuwa kuiga tu, ni nzito zaidi, kwa sababu imevaa vazi la uzalendo, nayo itajadiliwa karibu na mwisho.

Gitaa lisilo na maneno

Mfano ulio wazi zaidi wa gitaa lisilotegemea neno umetoka nje ya Afrika Mashariki. Unafaa kutangulia kwa sababu unamnyima mhakiki kimbilio la matini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kusini mwa California, palizuka muziki wa vijana uliohusishwa na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mpigaji wake aliyejulikana sana ni Dick Dale, na bendi yake iliitwa Del-Tones. Mwaka 1962 walitoa santuri ya "Misirlou". Hakuna anayeimba ndani yake. Kuna uzi unaopigwa kwenda na kurudi kwa kasi inayokaribia ghadhabu, na gitaa linalopanda na kushuka ngazi ya sauti isiyofanana na ile ya nyimbo za kawaida za Marekani.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba muziki huu huiga bahari: mkwaruzo wa kasi ni wimbi linalovunjika, na mwangwi wa vikuza sauti vya Fender ni maji. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayasimami. The Trashmen, bendi iliyovuma mwaka 1963 kwa "Surfin' Bird", ilitoka Minneapolis, bara kabisa, mahali pasipo na pwani ya bahari kwa umbali wowote wa kufikika jioni moja. The Astronauts walitoka Boulder, Colorado, chini ya milima. Katika The Beach Boys, waliotajirika kwa nyimbo za mawimbi, aliyecheza mchezo wenyewe kwa dhati ni mpiga ngoma wao, Dennis Wilson. Kama maji ndiyo yangezaa mlio huo, wavuvi wa Kerebe na Bumbire, visiwa vya Muleba vilivyozungukwa na Ziwa Viktoria, wangekuwa nao tangu zamani. Bahari ilikuwa jina la sokoni.

Asili ya mlio iko kwingine, na kwa msomaji wa Kiswahili iko karibu kuliko anavyodhani. "Misirlou" ni wimbo wa mashariki ya Mediterania uliojulikana katika jamii za Wagiriki, na ulirekodiwa New York mwaka 1927, miaka 35 kabla ya Dale. Jina lake lina mzizi uleule wa neno la Kiswahili Misri. Maana yake ni mwanamke wa Kimisri. Baba yake Dale alitoka katika familia yenye asili ya Lebanoni, na Dale mwenyewe alijifunza ngoma ya tarabaki kwa ami yake aliyekuwa mpiga udi. Mkono wa kulia unaodhaniwa kuwa wimbi ni mkono wa mpiga tarabaki uliohamia kwenye uzi. Ngazi ya sauti ni ya jamii ya hijaz, yenye nafasi pana isiyo ya kawaida kati ya sauti ya pili na ya tatu, na tena kati ya sauti ya sita na ya saba.

Ngazi hiyo si ngeni katika pwani ya Waswahili. Sultani Barghash alimpeleka mwanamuziki Misri akajifunze, na kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905 juu ya msingi huo wa Kairo. Mzee wa taarabu aliyeketi Malindi mwaka 1962, kama santuri ya Dale ingemfikia, asingesikia wimbi. Angesikia jirani aliyepotea njia na kuvaa nguo za ajabu. Hivyo wimbo usio na hata neno moja unaweza kuwa na historia, nasaba na hata madai. Gitaa lina kumbukumbu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza linakumbuka nini.

Enanga kama kigezo

Swali hilo si geni Kagera. Enanga ni ala ya mti uliochongwa mfano wa sinia refu, yenye nyuzi saba au nane zinazotokana na uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku kati ya ncha zake mbili. Ilipigwa katika nyumba za watawala wa himaya za Kihaya na katika mikusanyiko ya kawaida. Ihangiro, iliyochukua sehemu kubwa ya Muleba ya leo, ni miongoni mwa himaya hizo. Tendi kama ule wa Kachwenyanja na ule wa Rukiza zimejulikana kwa wasomi kupitia kazi ya M. M. Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizithibitisha kuwa tendi kamili, dhidi ya dai lililokuwa limeenea kwamba Afrika haina utendi simulizi.

Ushindi huo ulihitaji maandishi. Ili mshindani asadiki kwamba Wahaya wana utendi, ilibidi utendi uwekwe mezani kwa mistari iliyohesabika. Lakini katika utendaji wenyewe mstari hauji peke yake. Manju huanza kwa uzi. Nyuzi hutoa kipande kifupi kinachojirudia, hadhira hutulia, na neno huingia pale ambapo kipande hicho kimeacha nafasi. Sauti ya manju ikinyamaza, ama kwa kuvuta pumzi, ama kwa kuiacha hadhira ipokee habari ya kifo, uzi huendelea. Katika vipindi hivyo hakuna neno la kunakili, lakini utendi haujasimama. Msikilizaji wa kata kama Ngenge, aliyezoea masimulizi ya namna hiyo, hajui kosa la kuuita uzi "usindikizaji". Uzi ndio njia, na neno ni msafiri.

Kutokana na utendaji huu kinapatikana kigezo rahisi cha kuhakikia muziki wowote wa nyuzi na sauti: ni nani anayeanza, ni nani anayeacha nafasi, na nini hutokea katika nafasi hiyo. Kigezo hiki hakiulizi kwanza wimbo unahusu nini.

Kuna ushahidi wa karibu kwamba wasikilizaji wa Tanzania hutumia kigezo hicho bila kukitaja. Saida Karoli, msanii wa Kagera, alivuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya. Watu wa Lindi na Iringa waliocheza "Maria Salome" harusini hawakuwa wakifuata dhamira yake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo na kuujenga upya katika "Salome", na kilichofanya utambulike papo hapo ni mapigo na mwinuko wa sauti. Nadharia ya fani na maudhui haina la kusema kuhusu jambo hili, isipokuwa kulalamika kwamba hadhira haikuelewa.

Twisti ya Nairobi

Equator Sound Band ilikuwa bendi ya studio ya Equator Sound, kampuni ya Nairobi iliyoendeshwa na Charles Worrod. Iliongozwa na Fadhili William, na ndani yake walikuwemo Daudi Kabaka na Gabriel Omolo wa Kenya, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Mchanganyiko huu ni wa maana. Watu wa mataifa tofauti, wenye lugha za mama tofauti, waliimba pamoja kwa Kiswahili kilichonyooka kisichotafuta mapambo. Lugha iliyokuwa rahisi kwa wote iliachia gitaa kazi ya kupambanua.

Mapigo ya bendi hiyo yaliitwa twisti, kwa jina la mchezo wa Kimarekani uliokuwa umeenea duniani kote. Jina linapotosha. Ukiweka santuri ya twisti ya Kimarekani kando ya ile ya Kabaka, unasikia kwamba mwendo wa Nairobi una undugu zaidi na kwela ya Afrika Kusini, iliyopanda kaskazini kupitia nchi za akina Tsotsi na Pichen: mapigo manne yaliyosimama wazi, gitaa la besi linalotembea bila kupumzika, na ngazi tatu za sauti zinazozunguka bila kikomo. Juu ya mzunguko huo gitaa la solo hufungua wimbo kwa kibwagizo kifupi, chenye mlio mwembamba na mkavu. Ndipo sauti mbili huingia, moja juu ya nyingine, zikienda sambamba kama watu wawili walioshikana mikono sokoni. Ubeti ukiisha, gitaa hurudi na kusema tena lile lililolisema mwanzo, pengine kwa kubadili mwisho wake.

Kwa kigezo cha enanga, muundo huu unasomeka vizuri. Uzi huanza. Uzi huacha nafasi. Neno likitoka, uzi unachukua. Ipo hata hivyo tofauti kubwa ambayo haifai kufichwa kwa ajili ya kupendezesha ulinganisho: manju wa enanga ni mtu mmoja, na mkono wake unajua kinywa chake kinakwenda wapi. Katika bendi kazi hiyo imegawanywa. Hatua ya kati kati ya hali hizo mbili inaonekana kwa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba likishika sauti za chini na kidole cha shahada kikicheza zile za juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Gitaa la umeme lilipoingia, gumba lilikwenda kwa mpiga besi, shahada kwa mpiga solo, na kilichobaki kikakabidhiwa rithimu. Kilichopatikana ni nguvu ya kujaza ukumbi. Kilichopotea ni ule uhuru wa mtu mmoja wa kurefusha kipande kwa sababu tu hadhira imenyamaza.

Sauti mbili sambamba za twisti, kwa maoni yanayotetewa hapa, ni fidia ya hasara hiyo. Waimbaji wawili wanaotembea pamoja kwa ukaribu ule hawawezi kuchelewesha neno wala kulipindua. Lazima wafuate njia iliyokwisha kuchorwa. Ndiyo maana katika santuri nyingi za Kabaka mwimbaji hachezi na wakati. Anayecheza na wakati ni gitaa la solo. Ndilo linalotangulia pigo kwa nukta ndogo, ndilo linalochelewa, ndilo linalomalizia sentensi kwa namna ambayo maneno hayakuahidi. Wimbo unaosimulia jambo la kawaida kabisa, msichana wa shule au safari ya kurudi magharibi mwa Kenya, hupata kejeli au shauku kutokana na pale gitaa linapoingia. Mhakiki anayesoma maneno peke yake ataona jambo la kawaida, na ataliandika hivyo.

"Malaika" ni mfano wa upande wa pili. Fadhili William ndiye aliyeurekodi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika santuri yao ya mwaka 1965, na Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Mjadala wa wasomi na magazeti kuhusu wimbo huu umekuwa juu ya mambo mawili: nani aliutunga, na mahari inamaanisha nini katika maneno yake. Mijadala yote miwili ni halali. Ila wimbo ukipitia mikono ya watu wengi kiasi hicho, kinachobadilika zaidi ni mwendo na ala, wala si maneno, na hicho ndicho kisichojadiliwa.

"Helule Helule" yafika London

Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ilirekodi wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", na santuri hiyo ikafika nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza. The Tremeloes hawakuwa bendi ya pembeni. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshika nafasi ya kwanza nchini humo, na walikuwa wa kizazi kilekile cha vijana wa magitaa ya umeme ambacho upande wa pili wa Atlantiki kilizaa akina Dale.

Waingereza hao waliimba kwa Kiingereza, lakini kiitikio kilibaki kama kilivyokuwa. Neno "helule" halikuwa na maana yoyote kwa msikilizaji wa London, na hata kwa msomaji wa kamusi ya Kiswahili halitoi mengi. Lilibaki kwa sababu ya kazi linayoifanya katika mapigo. Ni neno la silabi tatu laini, zisizo na konsonanti nzito ya kukata mwendo, na kulirudia mara mbili kunakamilisha duara la gitaa. Kwa lugha ya enanga, hapa kinywa kimejigeuza kuwa uzi. Maudhui yalibadilishwa kwa lugha nyingine na wimbo haukufa; kiitikio kingebadilishwa, pengine ungekufa.

Tukio hili huelezwa kwa fahari katika historia za muziki wa Kenya, na fahari hiyo ni stahiki. Lakini kihakiki lina uzito mwingine. Dai la kuiga hudhani kwamba mwendo wa sauti ni wa upande mmoja: Marekani na Uingereza hutoa, Nairobi hupokea. Hapa kipande kilichotengenezwa Nairobi, kwa mwendo uliotoka kusini mwa Afrika, kilipokelewa na bendi ya Uingereza iliyokuwa na nyimbo nyingi za kuchagua. Hawakukichukua kwa ajili ya ugeni wake. Waliweza kukipiga kwa sababu kilikuwa kimekwisha kusema kwa ala waliyoijua, neno ambalo wao hawakuwa wamelisema.

Swali la 1962 na mipaka ya twisti

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo twisti ilitajwa kwa jina, pamoja na rumba, chachacha na roki, kama michezo ambayo wasomi wa Kiafrika waliijua ilhali hawakuijua gombe sugu wala lele mama. Hotuba hiyo hiyo ilikataa pia ujinga wa kutojifunza kutoka kwa wengine, sehemu ambayo hunukuliwa mara chache. Miaka iliyofuata ilichagua nusu ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na bendi za vijana za mjini zikalazimika kujieleza upya.

Swali la Mwalimu lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Jibu lililotolewa na uhakiki ndilo pungufu. Utaifa wa wimbo ulitafutwa katika lugha na ujumbe: ukiwa kwa Kiswahili na ukihimiza kilimo, ni wetu. Gitaa liliachwa likiwa mgeni wa kudumu, mwenye kibali cha kufanya kazi asiyepewa uraia. Matokeo yake ni kwamba hata bendi zilizotukuzwa zilihifadhiwa kwa sababu pungufu. Wimbo wa Kabaka wa "Harambee" unakumbukwa kwa kaulimbiu ya taifa changa la Kenya. Kilichoufanya uimbike na umma mzima, yaani mzunguko ule wa ngazi tatu ambao mtoto huushika kwa kusikia mara moja, hakijaandikiwa.

Kutetea gitaa hakumaanishi kuitetea twisti katika yote. Kwa kigezo kilekile cha enanga, twisti ina kasoro ya msingi: inafunga kabla uzi haujasema. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba takribani dakika tatu kwa upande mmoja, na studio iliyojengwa kwa biashara haikuwa na sababu ya kuupigania muda zaidi. Kibwagizo cha gitaa huja, hurudi, hurudi tena, na mlio hupunguzwa taratibu mpaka ukatoweka. Nafasi iliyoachwa ni ya kurudia, si ya kuendeleza. Msikilizaji wa enanga angesema manju amekohoa, amepiga kipande chake kizuri, kisha amekwenda kulala. Usawa wa santuri za Equator, ambao wakati ule ulikuwa alama ya ubora, ukisikilizwa kwa mfululizo unachosha, na ni uongo kudai vinginevyo. Nyimbo kumi za bendi ile zikipigwa pamoja, sikio huanza kuzitambua kwa waimbaji, kwa kuwa gitaa limekwisha kuwa lilelile.

Njia ya kutoka ilionekana Tanzania, kwa Mbaraka Mwinshehe, kwanza akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Katika rekodi zake za miaka ya 1970 wimbo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mashairi, tulivu, gitaa likijibu. Ya pili huanza pale maneno yanapokwisha au yanapobaki kiitikio tu, na gitaa la solo huchukua uongozi kwa muda mrefu, likirudia kipande, likikigeuza kidogo, likikiacha na kukirudia, mpaka mchezaji asahau kwamba kulikuwa na ubeti. Huo ndio uhuru wa manju wa kukaa katika kipande kwa kadiri hadhira inavyomruhusu, safari hii ukiwa umerudi kupitia waya wa umeme. Mbaraka hakuwa Mhaya, wala hakuna haja ya kudai kwamba aliijua enanga. Kigezo hakihitaji nasaba ili kifanye kazi. Inatosha kwamba wote wawili waliujua uzi kama mahali pa kufikiria.

Katika viambatisho vya tasnifu zinazomhusu Mbaraka, sehemu hiyo ya pili huandikwa kwa nukta chache, au kwa neno "muziki" lililowekwa kati ya mabano, kisha ukurasa huendelea na wimbo unaofuata.